Feza ya jamaa: Mapine ya 15 ao ya 17?



Mama mmoja wa Likasi ametuandikia barua ya kurasa mbili. Bwana yake anafanya kazi katika karieri, upande wa Kolwezi, na anarudi nyumbani kila nyuma ya majuma mawili. Wana motokari moja, Corolla ya mwaka 2008, waliyoinunua kwa feza waliyochunga miaka mitatu. Tunapunguza barua yake, lakini maneno ni yake:

«Motokari ilifika na janti za 15. Baba akaona haipendeze. Mwezi wa tisa akatia janti za 17, zile za kungaa, na mapine membamba. Kweli ilikuwa muzuri, batu ba avenu bote balikuya kuangalia. Mvua ilipoanza, pine moja ikapasuka mu kilima ya njia, kwenye shimo. Tukalipa. Nyuma ya majuma tano, ya pili ikapasuka, na janti ikapindika. Tulikuwa tumeweka feza ya sekondari ya watoto wawili. Yote imekwenda mu mapine. Sasa baba anasema tununue zingine mbili, sababu zile zilizobaki zimekuwa kipara. Mimi ninasema turudie za 15. Ananijibu: wee mwanamuke, mambo ya motokari unajua nini? Mutuambie, nani iko na haki?»

Mama, wewe uko na haki. Lakini hatuandiki ili baba apate haya mbele ya majirani. Wanaume wengi wa kwetu wamefanya sawasawa naye, na vijana ndio wanaowasukuma: motokari ya «miguu minene» inasifiwa njia yote. Basi tuangalie pamoja namna mambo yanavyokwenda, na baba naye asome.

Toka nje, inama mbele ya gurudumu, usome namba zilizoandikwa pembeni ya pine. Tuseme unakuta 195/65 R15. Namba ya kwanza, 195, ni upana wa pine kwa milimetre. Ya pili, 65, si milimetre. Inasema kwamba ubavu wa pine, toka janti mpaka chini, una kimo cha 65 kwa mia ya ule upana. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Na 15 ni ukubwa wa janti kwa inchi. Inchi moja ni santimetre 2 na nusu hivi.

Sasa fanya hesabu, watoto wa sekondari wanaweza kuwasaidia. 65 kwa mia ya 195 ni milimetre 127, ni kusema karibu santimetre 13 za mpira na upepo kati ya chuma na barabara. Pine ya 17 inayoingia pahali pake ni 225/45 R17. 45 kwa mia ya 225 ni milimetre 101, santimetre 10 tu. Gurudumu zima halikuzidi kimo: yote mawili yana karibu santimetre 63 toka chini mpaka juu. Chuma ndicho kilichokua, na mpira ukapungua. Njo ile inapendeza macho. Na njo ile inapasuka.

Kwa nini inapasuka? Shimo la barabara lina ukingo, na ukingo wa lami iliyovunjika ni mkali kama shoka. Gurudumu likiingia kwa mwendo, pine inabonyea. Ikiwa na santimetre 13 za ubavu, inabonyea na kurudi, na wewe unasikia tu pigo mgongoni. Ikiwa na santimetre 10, mpira unabanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa janti, na nyuzi za ndani zinakatika. Mara ingine pine haipasuki siku ile. Unaona kesho yake kijipu kimetoka pembeni. Hicho kijipu usikichezee! Ndani nyuzi zimekwisha kukatika, ni mpira mtupu unaoshika upepo, na utapasuka siku yoyote, pengine na watoto nyuma, pengine kwenye mwendo wa 90 kati ya Lubumbashi na Likasi, na lori linakuja mbele.

Na jambo la kuumiza mfuko ni hili: pine iliyochomwa na musumari katikati, pale inapokanyaga, kwado anaitengeneza kwa feza kidogo. Pine iliyokatika ubavuni haitengenezwi. Kuna wanaoshona na kupiga kiraka ndani. Tunawaambia wazi, hiyo ni kuuza maisha ya jamaa. Hata janti zina tofauti. Ile ya chuma ya kawaida ikipindika, fundi anaipiga nyundo inarudi. Ile ya kungaa inaweza kupata ufa, na upepo unatoka kidogo kidogo bila kuona pa kutokea.

Tufike kwa feza sasa. Bei inabadilika kila mwezi na kila duka, nenda uulize mwenyewe. Lakini tuseme, kwa mfano tu, pine mpya ya 15 ni dola 70 na ya 17 ni dola 130. Nne za 15: dola 280. Nne za 17: dola 520. Tofauti ni dola 240, na hiyo ni kama hakuna shimo. Tena pine haipasuki kwa mpango wa nne. Inapasuka moja, na mwenzake wa upande wa pili amekwisha kulika nusu. Fundi mzuri atakuambia ununue mbili, zifanane kulia na kushoto, ili motokari isivute upande ukipiga freni. Basi kila shimo ni bei ya mapine mawili. Ongeza hili: mapine ya 14 na ya 15 yamejaa kwa wauzaji, unaweza kubishana bei. Ya 17 wanayo wachache, na mwenye kitu peke yake anasema bei anayotaka.

Ndiyo maana tunasema: siku unanunua motokari, mbele ya kuangalia rangi na redio, soma namba ya gurudumu. Motokari utainunua mara moja. Mapine utayanunua tena na tena, mpaka siku utakapoiuzisha.

Wengine watasema: kama ni hivyo, tushuke mpaka 13, bei inapungua zaidi! Hapana. Pine ya 175/70 R13 ina kimo cha santimetre 57 na nusu tu. Motokari itashuka chini, tumbo litapiga mawe, na mshale wa mwendo utadanganya: utaonyesha 100 na kumbe unakwenda 91. Pine hiyo, ikiwa na namba 82, inabeba kilo 475. Ile ya 195/65 R15 yenye namba 91 inabeba kilo 615. Sisi tunajuana, motokari ya jamaa ikitoka mashambani inabeba baba, mama, watoto watano, mifuko ya unga na makala juu. Tena kwa motokari nyingi janti ndogo haiingii kabisa, inagonga freni.

Je, mapine ya okazio toka Ulaya? Hapa na mimi nina la kuungama. Zamani nilinunua manne kwa muuzaji mmoja, mazuri, meno marefu, bei ya huruma. Nikajisifu nyumbani wiki nzima. Nyuma ya miezi michache yamekwisha kama sabuni. Ndipo fundi mmoja mzee akanionyesha kialama pembeni: mlima wenye ncha tatu, na ndani yake nyota ya teluji. Ni mapine ya baridi! Mpira wake ni laini, umefanywa kwa barabara ya teluji na baridi ya chini ya digri 7. Kwetu, hata mwezi wa saba wakati tunavaa makoti asubuhi, saa sita jua linapiga lami. Basi ukiona ule mlima, acha. Angalia pia namba nne za mwisho nyuma ya herufi DOT. 0816 ni juma la 8 la mwaka 2016. Pine nzee inaweza kuwa na meno marefu na ndani imekauka kama mukate wa juzi. Na ukumbuke, huko Ulaya sheria inakataza meno yaliyo chini ya milimetre 1,6. Pine nyingi inatupwa huko kwa sababu imekaribia hapo, na wewe unanunua kile kilichobaki.

Sasa neno kwa baba, kwa heshima.

Baba, wewe unafanya kazi pale malori makubwa ya karieri yanapopita. Lile la tani 100 linavaa pine inayoandikwa 27.00 R49. Janti yake ni inchi 49, pine nzima ni karibu metre 2,7, inapita kimo cha mtu yeyote wa kampo yenu. Pine moja ni maelfu ya dola. Unajua namna wanavyoichunga: mashine ya kusawazisha inapita barabarani kutosha mawe, upepo unapimwa, shofere akikanyaga jiwe kubwa kwa uzembe anaitwa ofisini. Wakubwa hawafanyi hivyo kwa kupenda usafi. Wamepiga hesabu. Tena tazama ubavu wa ile pine, namna ulivyo mnene. Hakuna karieri inayotia pine nyembamba juu ya janti kubwa ili watu wasifu.

Na bibi yako amepiga hesabu ileile, kwenye kitabu cha feza ya nyumba.

Sasa mfanye nini? Kwanza, fungua mlango wa shofere. Kwenye nguzo, mlango unapofungia, kuna kikaratasi kilichobandikwa na fabriki. Kinaonyesha vipimo vya pine ambavyo motokari hiyo inakubali, na upepo wa kutia. Kama 195/65 R15 iko pale, hakuna mabishano tena. Zile janti za 15 za zamani, mama, hukuandika kama mlizitupa ao ziko nyuma ya nyumba. Kama ziko, mmepona nusu ya gharama. Za 17 zilizo nzima ziuzisheni. Kijana wa kuzipenda hatakosekana, ila mumwambie ukweli juu ya ile iliyopindika.

Kwa motokari yenu mnahitaji mapine manne yanayofanana. Kama feza haitoshi kwa manne mapya, nunueni mawili mapya, na mawili ya okazio yaliyochaguliwa vizuri, kipimo kimoja. Yale yenye meno mazuri zaidi yawekwe nyuma. Watu wanafikiri ni mbele, kwa sababu ndiko usukani uliko. Lakini nyuma ikiteleza kwenye mvua, motokari inazunguka, na hapo hata shofere wa miaka 20 hana la kufanya.

Upepo upimwe kila mwezi, asubuhi, mbele ya kusafiri, pine ikiwa baridi. Kwado wengi wanatia kwa kukisia, ao kwa kupiga teke. Kipimo kidogo cha mkono hakigharimu sana, kinakaa kwenye kisanduku cha motokari. Kama kikaratasi kinasema kilo 2,2, ni 2,2, si 3 «ili iwe ngumu». Pine yenye upepo kidogo inakula pembeni na kupata moto. Yenye upepo mwingi inakula katikati, na kwenye shimo inapasuka upesi zaidi.

Mama, umuachie baba ukurasa huu juu ya meza siku atakaporudi toka Kolwezi. Usimsomee. Aende mwenyewe kuangalia pale mlangoni. Na ile feza ya sekondari, mwende wawili kwa mkubwa wa masomo mbele trimestri haijaanza, mwombe kulipa kwa vipande. Mara nyingi wanakubali wanapoona baba na mama wamekuja pamoja.