Asiyekuwepo na Lake Halipo



Umma wetu wa pwani haujulikani kwa uchoyo. Msiba ukitokea usiku, asubuhi sanda ipo na majirani wamekwisha kuketi. Ramadhani ikiingia, futari huwafikia hata wapita njia. Katika kutoa, alhamdulillahi, tumelelewa vyema. Lakini uko mlango mwingine wa kuwatumikia jirani zetu ambao wengi wetu tumeupita mbali, nao ni mlango wa kuhudhuria: kuwapo pale mambo ya mtaa yanapojadiliwa, kusema tunaloliona, na kuhakikisha kwamba limeandikwa. Ardhi tunayokaa, maji tunayokunywa, bahari tunayovua na zahanati tunakopeleka watoto huamuliwa katika vikao ambavyo viti vyake aghalabu hubaki vitupu. Siku tingatinga linapofika ndipo tunapokusanyika kulalamika, na wakati huo karatasi zimekwisha kutiwa saini.

Husemwa kwamba kutetea haki ni kazi ya mawakili, wanasiasa na wenye ndimi nyepesi. Yaliyotokea hapa hapa pwani yatufunza vingine.

Mwezi wa Septemba 2016, NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, ilitoa leseni ya kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, kaunti ya Lamu, wenye uwezo wa megawati 1,050. Wenyeji waliojikusanya chini ya jumuiya ya Save Lamu, pamoja na wenzao, wakakata rufaa mbele ya jopo la kitaifa linaloamua mashauri ya mazingira. Upande wa mradi ulijibu kwamba wananchi walishirikishwa na mikutano ilifanyika. Jopo likachungua: mikutano hiyo ilifanyika lini, na watu waliambiwa nini? Likakuta kuwa ilikuwa ya utangulizi tu, na ilifanywa kabla ya uchunguzi wa athari za mradi. Ripoti ilipokuwa tayari, wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuielewa na kuitolea maoni. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, na ikaamriwa kwamba mwenye mradi akitaka kuendelea, afanye tathmini upya kwa kufuata sheria.

Tuzingatie jambo hili. Jopo lilisikiliza pia hoja za kitaalamu, lakini katika yaliyoiangusha leseni ile, kubwa lilikuwa swali ambalo kila mtu wa kijijini aweza kulijibu: ni nani aliyeitwa, aliitwa lini, na aliambiwa nini? Hapa mvuvi na mama muuza mahamri ni mashahidi sawa na profesa, maadamu walikuwapo na wanakumbuka.

Tutazame na Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu ya madini ya risasi katika hewa, udongo na maji ya watu. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, Phyllis Omido, aliuguliwa na mwanawe mchanga, na vipimo vya damu vikaonyesha risasi. Hakuwa wakili wala daktari. Alianza kwa majibu ya vipimo mkononi, akawaendea majirani mmoja mmoja. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaiondoa, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Safari ilikuwa ndefu na yenye machungu, na wapo waliokufa kabla ya kuiona hukumu. Hata hivyo tukumbuke kwamba ilianza kwa karatasi ya hospitali ambayo mwenyewe hakuitupa.

Dini yetu imelipa jambo la kuandika na kushuhudia uzito ambao huenda tumeusahau. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, na ndani yake mashahidi wakatazwa kukataa waitwapo. Nayo aya ya 135 ya Suratun Nisaa yawaamrisha waumini wausimamie uadilifu na kuutolea ushahidi, hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Ikiwa deni baina ya watu wawili lahitaji mwandishi na mashahidi, je, ardhi na bahari ya maelfu ya watu?

Basi mtu wa kawaida, mwenye kazi yake na watoto wake, afanye nini? Twayaona mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji cheo.

La kwanza ni kuijua siku. Kila mwaka serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha makadirio ya bajeti yake katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na sheria yataka wananchi wasikizwe. Miradi mikubwa nayo hutakiwa kutangazwa na maoni kupokelewa. Matangazo hayo hubandikwa katika ofisi za machifu na za wadi, hutolewa magazetini na husomwa redioni, kisha hupita bila ya mtu kuyatilia maanani. Kila msikiti uweke kijana mmoja mwaminifu wa kuyafuatilia, yasomwe baada ya swala ya Ijumaa, na nakala ifike katika darsa za akina mama. Gharama yake ni dakika mbili.

La pili ni kuhudhuria na kuangalia tunachotia saini. Karatasi ya mahudhurio huzungushwa upesi, pengine pamoja na soda na nauli, nasi huandika majina bila ya kusoma kichwa chake. Karatasi hiyo yaweza kuonyeshwa kesho kuwa ndio ushahidi kwamba tulishirikishwa. Tusome kwanza. Ikiwa yasema waliohudhuria wameukubali mradi, na sisi hatujaukubali, tusiandike. Anayepewa nafasi ya kusema ataje jina lake, mtaa wake, jambo lake na ombi lake, kisha aketi. Anayeona haya kusimama mbele ya watu aandike barua ya ukurasa mmoja, atoe nakala mbili, na ile ya pili aombe ipigwe muhuri wa kupokelewa arudi nayo nyumbani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali.

La tatu ni kuuliza kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inayotekeleza haki hiyo yaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili, haimlazimishi mwombaji kueleza sababu, wala haitozi ada ya kuwasilisha ombi. Ofisi yatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na isipojibu, malalamiko hupelekwa kwa ofisi ya Ombudsman. Kwa hivyo mzazi anayetaka kujua fedha za ujenzi wa darasa zilitumikaje hana haja ya kugombana na mtu. Aandike, atie tarehe, ahesabu siku.

La nne ni kumwezesha mwenzako. Hapa ndipo penye thawabu nyingi na macho machache. Mzee wa Kizingitini au Faza anayetaka kusikizwa Amu ana nauli ya boti ya kwenda na kurudi. Mama mwenye watoto wadogo hawezi kuketi mkutanoni saa tatu. Bibi aliyezaliwa juu ya shamba analoambiwa si lake hawezi kuisoma ripoti iliyoandikwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayemlipia mzee nauli, anayewapokea watoto wa jirani mchana mmoja, na mwanafunzi anayeketi kibarazani akamfasiria bibi ukurasa baada ya ukurasa, wote hao wameihudumia haki. Vile vile anayemsindikiza jirani mahakamani ili asikae peke yake katika benchi lile. Tukifanya hivyo, hata mikutano yenyewe itabadilika, maana leo sauti zinazosikika humo ni za wenye nafasi na nauli, na akina mama ambao ndio watekao maji hawaulizwi habari za maji.

La tano ni kuchunga ulimi. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuitenda, na simu zetu zimefanya amri hiyo kuwa nzito zaidi. Uvumi mmoja wa uongo ukigundulika, ukweli wetu tisa nao hutiliwa shaka. Tena tusimwite msaliti jirani anayeona tofauti. Huko Lamu wapo waliotumaini kazi na umeme, na kijana asiye na kazi ana haki ya kutumaini. Uadilifu ni yeye pia kusikizwa, na hoja kujibiwa kwa hoja, ili mradi ukipita au ukianguka watu wabaki kuswali safu moja.

Twajua lipo neno litakalosemwa: kwamba wakubwa wamekwisha kuamua, na kuitwa kwetu ni kutimiza ada. Pengine ni kweli, na uchungu wa kusikizwa bila ya kujibiwa hatuupuuzi. Lakini leseni ya Kwasasi ilikuwa imekwisha kutolewa, nayo ikafutwa. Kesi ya wavuvi wa Lamu kuhusu bandari ilifunguliwa mwaka 2012, wakati mambo yalionekana yamekwisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliona kwamba haki zao zimevunjwa, ikiwamo haki ya kupewa habari, na ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Lililoamuliwa na binadamu laweza kutenguliwa, mradi pawe na mtu aliyekuwapo na mwenye karatasi. Ukimya wetu ndio usioweza kukatiwa rufaa, kwa kuwa huandikwa kuwa ni ridhaa.

Kwa hivyo juma hili twaomba kila nyumba ifanye jambo moja: mtu mmoja apite ofisi ya chifu au ya mwakilishi wa wadi, aulize ni kikao gani cha wananchi kinachokuja na kitazungumzia nini, kisha arudi awaambie wengine. Asiyeweza kwenda atoe nauli ya atakayekwenda. Asiyekuwepo na lake halipo. Tusiwaache watoto wetu wakute kwamba lao halikuwapo kwa sababu wazazi wao hawakuwapo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli, atupe subira katika kuidai haki na uadilifu tunapoipata, awape shifaa walioathirika na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.