TUMBO LISILO NA JERAHA NALO LINAUA

Ndugu wakazi wa Dzaleka,

Mtu akikatwa na panga, hakuna anayebishana. Damu inaonekana, watu wanakimbia. Lakini aliyeanguka na kabaza, usukani wa baiskeli ukampiga tumboni, huinuka, hujipangusa vumbi na kwenda nyumbani. Jioni anakandwa kwa maji ya moto. Kwa maoni yangu, huyu wa pili ndiye tunayeweza kumpoteza huku tunamwangalia.

Chini ya mbavu za kushoto kuna wengu, ambao wengine huuita bandama. Upande wa kulia kuna ini. Viungo hivi vimejaa damu. Malaria huvimbisha wengu, na wengu uliovimba hupasuka hata kwa pigo dogo. Damu huvuja ndani polepole, ngozi ikiwa nzima. Utumbo ukitoboka, dalili zaweza kuchelewa kwa saa nyingi.

Ndiyo sababu mhudumu wa afya hapimi mara moja tu. Anabonyeza tumbo, anahesabu mapigo ya moyo, anapima presha, kisha anarudia. Hata mashine ya altrasaundi yaweza isione damu ikiwa bado ni kidogo. Wengine hulalamika: "Nimelazwa bure, hata dawa sikupewa." Si bure. Kule kungoja na kupimwa tena ndiko uchunguzi wenyewe. Na Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, iko zaidi ya kilomita 40 kutoka hapa. Anayehitaji upasuaji lazima agundulike mapema.

Jambo jingine ni kusema ukweli. Mama aliyepigwa teke akisema ameteleza tu, anampoteza njia anayemtibu. Aachwe aeleze mwenyewe, mume au jamaa asimjibie. Mwenye mimba naye aseme, hata ikiwa changa.

Basi, ukipigwa tumboni kwa nguvu, usikandwe, usile wala kunywa, nenda kituo cha afya. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani, kisha ukatokwa na jasho baridi, kizunguzungu, kutapika, tumbo kuvimba au kukaza, maumivu ya bega la kushoto, au damu kwenye mkojo, rudi saa ileile, hata usiku wa manane.

Majirani, mkimwona anapauka, msimwambie alale kwanza. Mpelekeni.