Twiga Stars tuna washambuliaji wa kutosha? (Sehemu ya 3)

Tulipoongelea mabeki mlinitumia meseji nyingi: nesi, turudi kwenye uji wa mtoto. Uji tutaurudia, hauendi popote. Leo tuko kule mbele, kwenye kufunga, na mtaona kwa nini nimevaa gwanda za kazi kuongelea mpira.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye kugomba aanze kugomba. Wa kuanza mechi tunao. Wa kuingia dakika ya 70 hatuna wa kutosha. Na hao wa dakika ya 70 kocha hawezi kuwaokota njiani, tunawapoteza wenyewe majumbani wakiwa na miaka 12, 13.

Tuwape kwanza haki yao waliopo. Opa Clement alitoka Simba Queens akaenda kucheza Uturuki na mbali zaidi. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess, akapitia Hispania, akaenda kufunga Al Nassr ya Saudi Arabia. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess, akaenda Sweden, na 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Stumai Abdallah amecheza hapa hapa nyumbani na JKT Queens na nyavu anazijua. Safu hiyo ukiiandika kwenye karatasi unatabasamu.

Sasa tuangalie uwanjani. WAFCON ya kwanza tulicheza 2010 Afrika Kusini, tukakaa miaka 15 bila kurudi. Tuliporudi, Julai 2025 kule Morocco, Mali wakatufunga 1-0. Tukatoka 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Opa alitupa bao la kuongoza, wao wakasawazisha kipindi cha pili. Ghana wakatupiga 4-1. Mechi tatu, mabao mawili, tumefungwa sita. Baada ya hapo tukaitoa Ethiopia tukafuzu tena, kwa hiyo mtihani ni ule ule unarudi.

Kuna wanaosema tatizo ni viungo, mpira haufiki mbele. Nusu ya kweli. Mpira ukifika, mshambuliaji anatakiwa aupokee akiwa amelipa goli mgongo, beki kamkalia shingoni, aulinde mpaka wenzake wapande. Halafu akimbie. Halafu apokee tena. Kazi hiyo kuifanya mara tano kila mtu anaweza. Mara 40 kwa dakika 90, bila mtu wa maana wa kukupokea kwenye benchi, ndipo miguu inapokuwa mizito na pasi nzuri inageuka kuwa ya adui. Timu kubwa zinabadilisha washambuliaji wawili na huoni tofauti. Sisi tukimtoa mmoja tunaanza kuomba Mungu.

Na si kwamba vipaji havipo jamani. Oktoba 2022 Serengeti Girls walikuwa India kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Wakapigwa na Japan 4-0, watu wakacheka. Wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali! Colombia ndio waliwatoa, 3-0. Nchi inayofika robo fainali ya dunia kwa watoto haina shida ya mbegu.

Shida ni wangapi wanafika hapo. Pitia viwanja vya mchangani hapa Mwenge saa kumi na moja jioni, uwanja wa KMC ukiwa pale jirani kabisa, uhesabu watoto wa kike. Wa miaka tisa utawaona wanachanganyika na kaka zao. Wa miaka 13 utamkuta mmoja, au hakuna. Kaka yake yupo uwanjani, yeye anaosha vyombo na kumbembeleza mdogo wake. Shuleni UMITASHUMTA ikifika anaitwa wiki mbili kabla, mazoezi ya zimamoto, kisha basi mpaka mwakani. Mshambuliaji hatengenezwi hivyo. Kupokea mpira kwa mguu usioupenda ni kitu cha kurudia kila siku kwa miaka.

Kingine kinachomtoa ni mwili wake, na hapa naongea kama nesi. Hedhi imeanza, hana pedi za kutosha, anaogopa kuchafuka mbele za watu. Kifua kimeota, hana sidiria ya kukibana, wavulana wanacheka. Hakuambii. Anakwambia tu, mama, mpira sitaki tena. Wewe unafurahi, umepata msaidizi jikoni.

Halafu damu. Nchini kwetu kama wanawake wanne katika kila kumi wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Sisemi hao wachezaji niliowataja wanao, sijawapima na si kazi yangu kuwasema. Nasema binti wa mtaani anayechoka haraka tunamwita mvivu. Damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli. Ikipungua, mbio za tatu tu kifua kinawaka. Ukiona anatafuna mchele mbichi au ananunua udongo wa kula, anapumua juu juu akipanda ngazi, ukiona anabadilisha pedi kila saa moja au mbili au hedhi inapita siku saba, mpeleke kituo cha afya apimwe. Usimnunulie vidonge kwa kubahatisha. Nyumbani mpe dagaa, maharage, mchicha, maini mkiyapata, na limao au chungwa pembeni. Ile chai ya rangi anayoshushia ugali isogezeni mbele saa moja au mbili, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Hili nitalisema mpaka mnichoke.

Makocha wa mtaani, goti. Mabinti wa umri huu huumia mishipa ya ndani ya goti zaidi ya wavulana, hasa wanapotua au kugeuka ghafla. Kupasha mwili vizuri kwa dakika 20, kuruka na kutua ukiwa umekunja magoti, kunapunguza sana. Mizunguko miwili ya uwanja haitoshi.

Najua kuna mama anasema, nesi, mpira hauna hela, asome. Asome, nani kakataa? Saa moja na nusu jioni, siku tatu kwa wiki, haiui kitabu. Na kaka yake anajua kushika sufuria, muulizeni.

Mwisho, yule aliyeniuliza kama kucheza siku za hedhi kunaharibu kizazi: hapana, hakuharibu. Kama tumbo linamuuma sana apumzike siku hiyo, kama haumwi acheze. Mwekee pedi mbili za akiba kwenye begi na bukta nyeusi ya kuvaa ndani, na umwambie mapema, asije akasikia kwa wavulana.