Ordinatere ya bei ya chini: mara mingi kosa si la prosesere

Kila mara mwaka wa masomo unapokaribia, swali linakuwa lile lile kwenye butike za Butembo, Bunia ao Lubumbashi: "Hii iko na i5 ao i7?" Mzazi hajui sana maana ya jina lile. Amesikia tu kwamba i7 inapita i5, na kwamba Celeron ni ya kukimbia. Analipa dola zenye familia ilikusanya miezi mingi, na mtoto anaenda univasite na mashini yake. Kisha wiki mbili, mashini inaanza kuchukua dakika tano kwa kuwaka.

Hapo watu wote wanashitaki prosesere, ni kusema ubongo wa ordinatere. Lakini kwa kazi ya kila siku, prosesere ya bei ya chini mara mingi inatosha. Kinachoua mashini ni vitu vingine vitatu: RAM kidogo, diski ya pole pole, na umri. Na tangu Oktoba 2025, ule umri umekuwa shida kubwa kuliko mbele.

Kazi ya kila siku ni gani?

Ni kuandika TFC kwenye Word, kusoma vitabu vya PDF, kuhesabu mauzo ya butike kwenye Excel, kuchapisha karatasi za sekretaria, kufungua WhatsApp, kuangalia video, na mkutano wa video mara moja moja. Kwa kuandika, prosesere inapitisha wakati wake mwingi ikingojea vidole vya mtu. Hata mwenye kuandika mbio kabisa hawezi kuichokesha. Kazi nzito ni intaneti: kurasa za leo zimejaa picha na matangazo, na mtu akifungua kumi na tano kwa mara moja, mashini inaanza kuhema.

Tuchukue mifano miwili. Celeron N4020, ya mwaka 2019, iko na viini viwili tu, sawa vile wafanyakazi wawili ndani ya prosesere. Inaandika, inasoma, inaonyesha video. Lakini ukifungua Word, kurasa nane za intaneti na mkutano wa video pamoja, inaweza kukwama. Hii inatosha kwa mtu mwenye uvumilivu.

Intel N100 ilitoka mwaka 2023. Iko na viini vinne, na vipimo vinaiweka karibu na Core i5-6500, prosesere ya ordinatere za mezani ya mwaka 2015. Ile i5 ilikuwa imepangwa kwa wati 65, N100 imepangwa kwa wati 6. Kwa hiyo "ndogo" ya leo inafanya kazi ya "kubwa" ya miaka kumi iliyopita. Na ukiona N100 haina jina Celeron, usifikiri ni ya bandia: munamo Septemba 2022 Intel ilitangaza kwamba majina Celeron na Pentium yataondolewa kwa laptop kuanzia 2023.

Jina i7 linaweza kukudanganya

Core i7-2620M ni ya mwaka 2011. Iko na viini viwili na imepangwa kwa wati 35, lakini kibandiko kinasema i7 na muuzaji hasemi uongo. Core i5-8250U ya mwaka 2017 iko na viini vinne, wati 15, na inaipita mbali. Majina i3, i5 na i7 yanapanga ndugu wa kizazi kimoja, hayasemi nani ni mzee.

Umri unaonekana kwenye namba yenye kufuata. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8250U ni kizazi cha 8. i5-1135G7 ni kizazi cha 11. Hesabu hii ni ya Core tu, haifanyi kazi kwa N4020 ao N100.

Windows 10 imekwisha, na sisi tunahusika

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha kutengeneza Windows 10. Mashini haizimi, Word inafunguka kama kawaida, lakini matobo ya usalama hayazibwi tena. Kwa watu binafsi kuna nyongeza ya mwaka moja, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, lakini lazima kujiandikisha. Windows 11 nayo inaomba chipu ya usalama yenye kuitwa TPM 2.0, RAM ya giga 4, diski ya giga 64, na kwa Core za Intel, karibu zote lazima ziwe za kizazi cha 8 ao zaidi.

Hapo kunatokea kitu cha kushangaza. Celeron N4020 yenye watu wanacheka inakubaliwa. Core i7-7500U ya mwaka 2016, yenye nguvu kuipita, inakataliwa.

Kwa nini ni habari ya hapa kwetu? Juu makampuni ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba yakibadilisha mashini, zile za zamani zinatafuta soko, na Dubai ni moja ya fasi zenye wachuuzi wa Butembo wanaenda kununua. Laptop ya marke kubwa, ngumu, safi, kwa bei ya kufurahisha: mbele ya kufurahi, uliza kizazi. Sekretaria zinapokea flash za watu wengi kila siku. Virusi moja ikiingia kwenye mashini yenye haizibwi matobo, TFC ya mwanafunzi wa kesho inaondoka nayo.

Mwenye kuwa tayari na mashini ya namna ile asiitupe. Linux Mint pamoja na LibreOffice ni vya bure na vinaendelea kupata marekebisho. Kazi ya Word inafunguka humo, hata kama mistari ya kurasa inaweza kusogea kidogo. Linahitajika tu kijana wa kukuonyesha siku za kwanza, na jaribio la imprimanti yako mbele ya kuhama.

RAM na diski vinakula akiba

RAM ya giga 4 inaruhusiwa na Windows 11, lakini mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa yake. Giga 8 ndiyo inampatia mtu nafasi ya kupumua. Uliza tena kama RAM inaweza kuongezwa. Laptop nyingi ndogo ziko na RAM yenye kuchomelewa, na kile ulinunua ndicho utabaki nacho.

Diski ya zamani ya kuzunguka inasoma karibu mega 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu 500, na kwa faili ndogo ndogo tofauti ni kubwa kuliko hiyo. Wengi wenye kubadilisha diski hiyo tu wanafikiri wamenunua ordinatere mpya. Kuna aina ya tatu, eMMC, yenye giga 32 ao 64, imechomelewa pia. Ikijaa, hata marekebisho ya Windows hayapati fasi. Ukisikia giga 32, uache.

Umeme: hapa ndogo inashinda

Kwa mtu wa sahani za jua, prosesere ndogo si umaskini. Tupige hesabu. Batri ya volti 12 na amperi-saa 50 inabeba wati-saa 600. Kama ni ya asidi, tusiitumie kupita nusu, inabaki 300. Laptop ndogo yenye kuandika tu inaweza kula karibu wati 15 pamoja na skrini: ni saa 20. Ordinatere ya mezani ya zamani na skrini yake ikikula wati 100, ni saa 3. Ondoa kidogo kwa ile inapotea kwenye konvata, tofauti inabaki palepale. Mwenye sekretaria anayenunua mafuta ya jenereta anaijua hesabu hii hata bila kalamu.

Fasi yenye haitoshi

Mwanafunzi wa arkitektura mwenye kuchora nyumba kwa 3D, kijana wa kupanga video za ndoa, ao mwenye michezo mizito, hao wasijidanganye na N4020 wala N100. Kukata sauti ya mahojiano kwenye Audacity prosesere ndogo inaweza, kupanga video ya saa nzima ni kazi ingine.

Mbele ya kutoa dola

Washa mashini wewe mwenyewe. Bonyeza Windows pamoja na R, andika dxdiag: jina kamili la prosesere na RAM vitaonekana, usiamini kibandiko. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja uone kama diski ni SSD. Fungua Word, video moja na kurasa kumi. Chomoa chaja, angalia batri kwa dakika ishirini. Muuzaji akikataza majaribio haya, jibu umelipata.

Kama kazi ni ya kila siku, chaguo la kwanza ni N100 mpya ao i5 ya kizazi cha 8 ya okaziyo, yote mbili na giga 8 na SSD. La pili ni N4020 yenye SSD, kwa kuandika na kusoma. La mwisho ni i7 ya zamani yenye diski ya kuzunguka, hata kama jina lake linasikika vizuri. Mzazi akiingia butike na maswali matatu, kizazi gani, RAM ngapi, diski gani, makuta ya familia iko na nafasi nzuri ya kufikisha mtoto mpaka mwisho wa masomo.