PAI ZA MAMA MWENZETU NA DENI LA UNGA



Kwenye mkutano mkuu ujao italetwa hoja ambayo imeshasemwa sana huko kwenye mashine ya kusaga na mnadani: eti duka letu la ushirika limnyime unga wa mkopo yule mama mwenzetu anayeoka pai, kwa sababu deni lake limekuwa refu. Sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani tunaipinga hoja hiyo. Tunaomba msome mpaka chini kabla hamjaenda kunyoosha mikono.

Kwa wasioijua, pai ni ndugu yake sambusa, ila yenyewe haitumbukizwi kwenye mafuta, huokwa. Unga wa ngano kilo moja, mafuta ya mgando nusu kilo, chumvi na maji baridi kidogo. Ndani ni nyama, au viazi na njegere, pamoja na kitunguu saumu ambacho sisi watu wa Mbulu hatukikosi. Mama huyu hana tanuri. Ana sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko, basi. Kwa chombo hicho ameoka kila mnada, jua au mvua.

Sasa kuna jambo wengi hawalijui. Baridi yetu ya Dongobesh, hii inayotufanya tujifunike mashuka mpaka saa nne asubuhi, ni adui wa hamira. Akina mama wa maandazi na skonsi wanajua: donge linakaa tu kama jiwe, mpaka ulisogeze karibu na jiko. Lakini pai haina hamira. Yenyewe inataka mafuta yabaki magumu ndani ya unga mpaka yakutane na moto. Hapo ndipo yanapoyeyuka na kuacha yale matabaka yanayovunjika mdomoni. Kwenye joto la pwani mafuta huyeyuka mkononi kabla kazi haijaanza. Kwa hiyo baridi tunayoilalamikia kila Juni na Julai, kwake ni mtaji. Zile pai za mwezi wa saba mlizila wenyewe, hata madereva wa njia ya Haydom walikuwa wanasimama kuziulizia. Hakuna aliyesema deni wakati ule!

Ameshindwa pia, wala hatutaficha. Kwanza pai zilikuwa zinaiva juu huku chini mbichi, maana mchuzi wa nyama ulitiwa ukiwa moto na mwingi, ukalowanisha unga. Siku hizi nyama anaikausha na kuiacha ipoe kabisa, na mchanga anaupasha moto kabla ya kuweka kitu. Halafu akajaribu ngano iliyosagwa hapa hapa kwenye mashine, apunguze gharama. Ule unga una pumba nyingi. Ukikunja unakatika, na mchuzi wote ukavujia kwenye mchanga. Watoto wakaziita matofali. Tena aliwahi kumwachia binti kazi ya kukanda, binti akakanda kwa nguvu kama wa chapati, pai zikawa ngumu. Pai haitaki kukandwa, inataka kushikanishwa tu.

Lakini jamani, siyo hayo yaliyoleta deni. Deni limeletwa na mambo mawili. La kwanza, siku mvua ilipovunja mnada pai nyingi za nyama zilibaki, naye akakataa kuziuza kesho yake. Nyama iliyolala ndani ya unga, bila jokofu, inaweza kumwangusha mtu tumbo. Angeweza kuzipasha moto akanyamaza, nani angejua? La pili ni sisi. Ametuonyesha daftari lake la wadaiwa. Tumelisoma ukurasa kwa ukurasa, na baadhi ya majina yaliyomo ni ya hao hao wanaotaka anyimwe unga. Majina hatuyaandiki ukutani.

Wengine wanasema pai ni chakula cha mjini, mkulima wa Mbulu yanamhusu nini. Tunawauliza, ngano ni ya mjini tangu lini? Miaka ya 1970 na 1980, hapo Hanang jirani, mashamba ya NAFCO ya Basotu yalilima ngano kwa msaada wa Kanada. Wafugaji wa Kibarbaig wakapoteza malisho yao, ngano ikapakiwa kwenye malori ikaenda zake kusagwa mjini, na sisi tukaendelea kununua mkate uliotoka huko huko mbali. Leo mtu anaoka hapa hapa, tunamwambia hayo si yetu!

Maoni yetu ni haya. Unga wa mkopo uendelee, ila uwe wa mnada mmoja kwa mmoja: asichukue mwingine kabla hajalipa ule wa nyuma. Tunamwambia mama naye aache kuoka pai za nyama siku za katikati ya wiki, wateja hawapo. Siku hizo zinatosha chache za viazi. Na bodi ifikirie tanuri moja la udongo nyuma ya duka, la kutumiwa kwa zamu na wa pai, wa skonsi na wa mikate. Sufuria inaoka pai chache na kula makaa mengi, na msitu wa Nou hauwezi kutuvumilia hivyo. Udongo tunao, mafundi tunao. Kinachotakiwa kununuliwa ni bati la kukinga mvua.

Daftari la wadaiwa litakuwa kwa mtunza duka mpaka asubuhi ya mkutano. Anayejijua aende akalipe, atafutiwa jina lake hapo hapo, kisha aje mkutanoni kujadili deni la mwenzake.

Sisi wa Gazeti la Ukutani,
Dongobesh