Funguo za Chuo Ziko kwa Nani?

Mwaka jana, wiki mbili baada ya matokeo kupitishwa, mwanafunzi mmoja aliingia ofisini kwangu, akaniamkia, akasema: "Asante sana Dokta kwa kunirekebishia alama." Nilipokea shukrani ile kwa tabasamu la mtu asiyejua anashukuriwa nini. Alipotoka niliufungua mfumo wa taarifa za wanafunzi. Alama yake ya mtihani ilikuwa 38. Sasa ilisomeka 52. Mfumo ulieleza kwamba aliyeibadilisha ni mimi, saa tano asubuhi, siku ambayo saa hiyo hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikifundisha.

Msomaji wangu atakuwa ameshafikia hukumu: rushwa. Nami nilidhani hivyo. Nikakitafuta kijitabu cha majibu cha binti yule na kujumlisha upya. Kumbe nilikuwa nimeuruka ukurasa mzima wenye alama 14. Stahili yake ilikuwa 52 kamili. Mkono usiojulikana, kwa kutumia jina langu, ulikuwa umetenda haki niliyoshindwa kuitenda mimi.

Jambo hilo halikunipa faraja hata kidogo. Ikiwa haki imeweza kupenya dirishani, dhuluma nayo inalijua dirisha hilo. Tangu siku ile siwezi kuapa kwamba alama zote zilizomo humo chini ya jina langu ni zangu.

Nywila yangu ilifikaje mikononi mwa mwingine? Niliitoa mwenyewe. Miaka minne iliyopita nilimpa msaidizi wangu wa kufundisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiingiza alama za tathmini endelevu na mfumo haukuwa na nafasi yake. Kwa macho ya kompyuta alikuwa hayupo. Yeye akaihifadhi katika kompyuta ya ofisi ya idara, na kompyuta hiyo hutumiwa na kila anayepata kiti. Nilikosea, na nimelikiri kosa hilo kwa maandishi. Lakini nilipowauliza wenzangu watano faraghani, wanne walikiri kufanya vivyo hivyo. Wahadhiri wanne kati ya watano wakivunja kanuni moja kwa sababu moja, mwenye akili huacha kuwatazama wahadhiri na kuitazama kanuni.

Tuseme wazi: orodha ya nani anaweza kusoma, kuandika na kufuta ndani ya mfumo ndiyo katiba halisi ya chuo. Ile iliyochapwa na kuwekwa rafuni inasema Seneti ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya matokeo. Hii iliyomo ndani ya seva inasema ni yeyote aliyemo katika kundi la wasimamizi. Katiba mbili zinapogongana, inayotekelezeka ni ile ya mashine. Nayo imeandikwa na nani? Fundi kijana wa TEHAMA, asiye na maelekezo yoyote, anayepigiwa simu na mkubwa mmoja baada ya mwingine: "Niweke na mimi." Atamkatalia nani? Hivyo kundi la wasimamizi hunenepa mwaka hadi mwaka. Aliyekuwa mkuu wa idara anarudi kufundisha na ruhusa za ukuu bado anazo. Aliyehamia chuo kingine bado akaunti yake inapumua.

Katika zama za karatasi hatukuwa malaika. Hata hivyo jedwali la matokeo lilitiwa saini na mwalimu wa somo, likapita kwa mtahini wa nje na mkuu wa idara, na kila mkono ukaacha wino wake. Kughushi kulihitaji watu watatu wakubaliane. Tulipohamia kwenye kompyuta tulichukua jedwali, tukaziacha saini.

Wala tusisingizie ugeni wa teknolojia. Tatizo hili lilizaliwa chuo kikuu. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT, Marekani, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Allan Scherr alitaka muda zaidi wa kutumia kompyuta ya pamoja kuliko aliogawiwa. Aliiagiza mashine ichapishe faili lenye nywila za watumiaji wote, nayo ikatii. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha kanuni ambazo leo kila mwanafunzi wa kompyuta huzikariri: kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu zinazotosha kazi yake, na jambo zito lihitaji funguo mbili, si mmoja. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wakapendekeza ruhusa zifungwe kwenye wadhifa badala ya mtu, ili mtu akiondoka kwenye wadhifa ruhusa zibaki mlangoni. Mambo haya tunayafundisha katika madarasa yetu na kuyatungia mitihani. Kisha alama za mitihani hiyo tunaziingiza katika mfumo usiofuata hata moja.

Mkubwa mmoja aliniambia: "Dokta, sisi hapa tunaaminiana." Ni kauli tamu. Lakini kuaminiana huko kunawahusu wakubwa peke yao. Mhadhiri wa muda anayefundisha wanafunzi mia mbili haaminiwi kiasi cha kupewa akaunti. Msaidizi wangu haaminiwi. Mwanafunzi haaminiwi hata kupewa taarifa kwamba alama yake imebadilishwa. Anayeaminiwa ni yule tu mwenye sauti ya kudai kwenye simu. Hilo mimi naliita upendeleo.

Tena si suala la adabu za ndani pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu kuzilinda zisifikiwe wala kubadilishwa na asiyeruhusiwa. Alama, namba za simu, madeni ya ada, vyeti vya wagonjwa walioahirisha mitihani: vyote hivyo ni taarifa za watu.

Na mlango wa mbele? Binti yule alikuwa amejaza fomu ya rufaa, akalipa ada ya rufaa, akasubiri. Fomu ilidai saini nne na kikao ambacho hakikuwa na tarehe. Mtu mmoja akamhurumia. Ukifanya njia halali iwe ndefu kiasi hicho, usishangae dirisha likigeuzwa lango.

Nilimwandikia mkurugenzi husika nikiomba mambo matatu: wasaidizi wafunguliwe akaunti zao zinazokoma mwisho wa muhula, alama iliyokwisha kupitishwa isibadilike bila uthibitisho wa mtu wa pili, na mwanafunzi apate ujumbe kila alama yake inapoguswa. Nikaambatanisha kijitabu cha binti yule na maelezo ya kosa langu. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri. Nimeitwa kujieleza kwa kutoa nywila. Juu ya yale matatu sijajibiwa.

Nywila nimeibadilisha. Jana msaidizi wangu alibisha hodi akiwa na rundo la majaribio ya wanafunzi 214, yote yamesahihishwa. Mwisho wa kuingiza alama ni Ijumaa, na bado hana akaunti. Aliuliza kwa upole kama nina nywila mpya. Nimemwambia ayaache mezani.