Bi harusi wa Uingereza, kibua unacho?

Kila Disemba nasikia kilio kilekile cha mabibi harusi waliofuata waume Uingereza: nimechoka, mifupa inauma, labda jicho la watu. Dua usiache, lakini hebu tazama dirishani. Saa kumi jioni giza, na sisi tunaojistiri hata hilo jua dogo halitugusi. Serikali ya huko yenyewe inashauri maikrogramu 10 za vitamini D kila siku kipindi cha baridi, na mwaka mzima kwa wanaojifunika. Kidonge meza, na jikoni ingia pia. Kibua na sadini za kopo wanayo vitamini hiyo; mtie nazi, ndimu na pilipili, nyumba inukie kwenu. Visheti vya mama mkwe viwekee wageni, visiwe chakula chako cha usiku mume akiwa zamu.